Bakteria wa Udongo na Dawa ya Magugu: Iache Dawa Shambani, Usiipeleke Mtoni

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa kilimo wa kaunti mbele ya wakulima wa miwa na mahindi, wanakamati wa miradi ya maji na wenye maduka ya pembejeo. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa nijibu swali linaloulizwa karibu katika kila baraza: dawa ya kuua magugu tunayopulizia shambani huenda wapi ikishamaliza kazi yake? Wengine husema inachomwa na jua ikaisha. Wengine husema inakaa udongoni milele. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya dawa hii huliwa. Huliwa na bakteria, viumbe wadogo ambao hatuwaoni kwa macho. Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri huwa na mamia ya mamilioni ya bakteria, na wakati mwingine hata zaidi ya bilioni moja. Leo nitaeleza wanavyofanya kazi hiyo, mahali wanapoiweza na mahali wasipoiweza, kwa sababu maji tunayokunywa yanategemea jambo hilo.

Dawa yenyewe ni nini

Nitatumia mfano wa dawa moja ambayo wengi wenu mnaijua, yaani atrazini. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na imetumika sana duniani katika mashamba ya mahindi na miwa. Inaua gugu kwa kuzuia jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mahindi na miwa huponea kwa sababu yana uwezo wa kuivunja nguvu ndani ya mmea. Maharagwe hayana uwezo huo. Ndiyo maana mama aliyepanda maharagwe katikati ya mahindi, kisha akapulizia dawa hii, hupoteza maharagwe yote. Na ikiwa dawa nyingi imebaki udongoni, hata maharagwe ya msimu unaofuata yanaweza kudhoofika.

Sasa tuitazame kwa karibu. Chembe moja ya atrazini ina umbo la pete. Pete hiyo imeundwa na atomu sita, tatu za kaboni na tatu za naitrojeni, zikipishana kama watu walioshikana mikono kwenye duara, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Nje ya pete kumening'inia vitu vitatu: atomu moja ya klorini na mikia miwili, kila mkia ukiwa na naitrojeni yake. Kwa hiyo chembe nzima ina naitrojeni tano.

Wanakemia huziita kemikali za namna hii aromatiki. Siku hizi neno hilo halihusu harufu. Lina maana kwamba nguvu inayoshikilia pete imegawanywa kuizunguka yote, na kwa hiyo pete ni ngumu kuvunjika. Atrazini ina jamaa wengi wenye pete na naitrojeni. Yumo TNT, ile baruti ya mabomu. Zimo rangi nyingi za vitambaa. Imo paranitrofenoli, inayobaki sumu ya wadudu iitwayo parathioni inapovunjika, na parathioni ni miongoni mwa sumu zilizopigwa marufuku hapa Kenya. Nyingi za kemikali hizi zilitoka viwandani, na viumbe wa udongo walikuwa hawajawahi kukutana nazo kabla ya binadamu kuzitengeneza.

Kwa nini tujali? Katika majaribio ya wanyama, atrazini imeonekana kuvuruga homoni za uzazi. Ndani ya maji inadhuru mwani na mimea midogo, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa ilikuwa ikionekana mno katika maji ya chini ya ardhi. Marekani bado inaitumia, lakini maji ya kunywa hayaruhusiwi kuwa nayo zaidi ya maikrogramu 3 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa maikrogramu 100 kwa lita, ukijumlisha atrazini na mabaki yake yenye klorini. Viwango vinatofautiana kwa sababu kila chombo kina namna yake ya kupima hatari, lakini vyote vinakubaliana kwamba kuna kikomo.

Namna bakteria wanavyoifungua

Bakteria wa udongo wanahitaji naitrojeni, kama vile mahindi yenu yanavyoihitaji. Kwa bakteria anayejua kuifungua, atrazini ni mfuko wa mbolea uliofungwa kwa minyororo. Anaifungua kwa vimeng'enya, yaani vifaa vya kazi vilivyo ndani ya mwili wake, na kila kimoja kina kazi yake maalumu. Kazi nzima ina hatua sita.

Hatua ya kwanza ndiyo kubwa kwetu. Kimeng'enya hung'oa ile klorini na kuweka mahali pake kipande cha maji. Kuanzia hapo dawa imekufa. Kilichobaki hakiwezi tena kuua gugu wala haragwe, na hushikana na udongo zaidi kuliko atrazini yenyewe.

Hatua ya pili na ya tatu ni kukata ile mikia miwili. Hubaki pete tupu, iitwayo asidi ya sayanuriki, na hiyo inaweza kuliwa na aina nyingi zaidi za bakteria.

Hatua ya nne ni kuipasua pete yenyewe. Ikishapasuka hutokea biureti, kitu ambacho kiasi chake kidogo hupatikana hata katika mbolea ya urea kutoka kiwandani. Hatua mbili za mwisho huigeuza kuwa amonia na hewa ya kaboni dayoksaidi. Amonia hiyo ni naitrojeni ileile ambayo mmea hutumia. Sumu imegeuka mbolea, na hakuna kilichobaki cha kuogopa.

Mara nyingi bakteria wa aina moja hawamalizi kazi yote. Mmoja hung'oa klorini, mwingine hukata mikia, wa tatu hupasua pete. Ni harambee. Kwa hiyo udongo wenye viumbe wa aina nyingi hufanya kazi hii vizuri kuliko udongo uliochoka.

Kwa wale jamaa wenye kundi la nitro, kama TNT na paranitrofenoli, njia ni tofauti kidogo. Kundi la nitro huizuia oksijeni kuishambulia pete kwa urahisi. Bakteria wengine huling'oa kundi hilo kwanza na kulitoa kama naitraiti, wengine huligeuza kuwa kitu kingine kabla ya kuigusa pete. Paranitrofenoli ina kundi moja la nitro na bakteria wengi wameimudu. TNT ina makundi matatu, na hadi leo ni kazi nzito kwao.

Walijifunza wapi kazi hii

Mwaka 1995 wanasayansi wa Marekani walieleza bakteria waliyempata Little Falls, Minnesota, mahali ambapo dawa za magugu zilikuwa zimemwagika. Walimwita Pseudomonas ADP. Aliweza kuitumia atrazini kama chanzo chake pekee cha naitrojeni. Baadaye walikuta kwamba maelekezo ya kutengeneza vile vimeng'enya yamebebwa kwenye plasmidi, yaani kipande cha duara cha vinasaba ambacho bakteria anaweza kumpa mwenzake, hata wa aina nyingine, kama jirani anavyomwazima jirani jembe.

Pia walilinganisha kile kimeng'enya cha kwanza na kingine kinachovunja melamini, kemikali inayotengenezea sahani ngumu za plastiki. Kila kimoja kimejengwa kwa vipande 475, na vinatofautiana katika vipande tisa tu. Kwa mabadiliko hayo machache, kifaa cha kazi moja kimekuwa kifaa cha kazi nyingine. Inaelekea mabadiliko hayo yalitokea baada ya atrazini kuanza kutumika, yaani katika umri wa baadhi ya wazee walioketi hapa.

Na si Marekani peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Kenya na Ujerumani, akiwemo mwanakemia wetu Zachary Getenga, walichapisha habari za bakteria wa kundi la Arthrobacter waliyemtoa katika udongo wa shamba la miwa humu nchini. Anaivunja atrazini, na dada yake aitwaye tabuthilazini, hadi ikawa kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za mbali. Wafanyakazi hawa wamo katika mashamba ya miwa ya nchi yetu.

Kwa nini magugu yanarudi mapema

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana wakulima wengi wameniletea lalamiko hili. Mtu anasema: "Zamani nilipulizia mara moja, shamba likakaa safi hadi mahindi yakafunga. Siku hizi baada ya wiki chache magugu yamerudi. Dawa imeghushiwa."

Inawezekana dawa imeghushiwa, na mtu akiwa na shaka alete chupa na risiti tuiangalie. Lakini kuna sababu nyingine. Katika udongo ambao haujazoea atrazini, nusu ya dawa huchukua takriban siku 60 kuisha, ingawa muda huo hubadilika sana kutoka udongo hadi udongo. Ukipulizia dawa ileile mwaka baada ya mwaka, bakteria wanaoijua wanaongezeka, kwa kuwa wamewekewa chakula. Katika udongo uliozoea, nusu ya dawa inaweza kuisha kwa siku chache tu. Jambo hili limepimwa katika nchi mbalimbali.

Mkulima anapoona hivyo, hushawishika kuongeza kipimo. Tafadhali msifanye hivyo. Ukiongeza kipimo, unawaongezea bakteria chakula, unapoteza pesa, na mvua kubwa ikija kabla hawajamaliza, ziada yote inateremka mtoni. Dawa ya tatizo hili ni kubadilisha: mwaka mmoja tumia dawa ya kundi lingine, msimu mwingine palilia kwa jembe, panda mazao kwa mzunguko.

Mahali wasipoweza

Mtu anaweza kusema: kama bakteria wanaimaliza, basi tupulizie bila wasiwasi. La. Wanaimaliza mahali penye chakula, hewa, unyevu na joto la kutosha, yaani katika udongo wa juu, pale penye mizizi na mboji. Ukienda chini zaidi, bakteria wanapungua na hewa inapungua. Atrazini ikishafika katika maji ya chini ya ardhi inaweza kukaa miezi mingi, hata miaka. Na atrazini haishikani na udongo kwa nguvu, kwa hiyo hufuata maji kwa urahisi. Mvua kubwa ya kwanza baada ya kupulizia ndiyo hatari kuliko zote.

Fikirini Mto Nzoia. Unakusanya maji kutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, unapita katika mashamba ya mahindi na miwa, unaishia Ziwa Victoria. Kinachoponyoka shambani kwa mkulima wa juu kinafika kwenye ndoo ya mama wa chini.

Jambo lingine ni mbolea. Nimesema bakteria wengi wanaitaka atrazini kwa ajili ya naitrojeni. Udongo ukijaa naitrojeni ya mbolea, baadhi yao hupunguza kasi, kwa sababu hakuna haja ya kuvunja minyororo wakati kuna chakula mezani. Jambo hilo limeonekana maabara na katika udongo. Simwambii mtu aache mbolea. Nasema aweke kipimo kilichopendekezwa baada ya kupima udongo.

Na panapomwagika dawa nyingi, bakteria hulemewa. Huko Dakota Kusini, Marekani, dawa ilimwagika kwa wingi mahali pamoja. Wanasayansi walitia udongoni bakteria waliouawa lakini wakiwa wamebeba kile kimeng'enya cha kwanza. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000: baada ya wiki nane atrazini ilipungua kwa asilimia 52, na pale walipoongeza pia virutubisho vya kuwachochea bakteria wa udongo ilipungua kwa asilimia 77. Pale ambapo hawakutia kimeng'enya, haikupungua kwa kiasi cha maana. Hata kwa utaalamu wote huo, karibu robo ilikuwa bado ipo. Kuzuia dawa isimwagike ni rahisi kuliko kuisafisha.

Hesabu ya chupa moja

Tufanye hesabu pamoja. Dawa nyingi za aina hii huuzwa zikiwa na gramu 500 za atrazini kwa lita. Chupa ambayo haikusuuzwa ikabaki na mililita 20 tu, kiasi cha vijiko vinne vya chai, ina gramu 10 za atrazini. Ikioshewa kando ya kisima na maji yale yakaingia kisimani, na kisima kina lita 5,000, kila lita itakuwa na maikrogramu 2,000. Hiyo ni mara 20 ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kwa kiwango cha Marekani, gramu hizo 10 zinatosha kufikisha kikomo lita zaidi ya milioni tatu. Na ndani ya kisima hakuna udongo wenye bakteria wa kutosha kutuokoa.

Gramu hizo hizo 10 zikitawanywa juu ya ekari ya shamba pamoja na dawa nyingine, bakteria watazimaliza bila mtu kujua.

Tufanye nini

Kwanza, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Kama huwezi kuisoma, mwombe mwenye duka au afisa wa ugani akusomee. Usipulizie atrazini penye mahindi yaliyochanganywa na maharagwe.

Pili, tazama mbingu na usikilize utabiri wa hali ya hewa. Udongo wenye unyevu kidogo ni mzuri kwa dawa kufanya kazi. Mvua kubwa inayokaribia ni sababu ya kuahirisha.

Tatu, acha ukanda wa mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto ndani ya mita 6 hadi 30 kila upande, kupimwa kutoka mahali mafuriko yalipofikia juu kabisa. Ukanda wenye nyasi nene hupunguza mbio za maji, na kuwapa bakteria wa hapo nafasi ya kuikamata dawa kabla haijaingia mtoni.

Nne, suuza chupa mara tatu, na maji ya kusuuzia yamimine kwenye pampu uyapulizie shambani. Toboa chupa ili isitumike tena. Isiwekwe maziwa, mafuta wala maji ya kunywa. Pampu isioshwe mtoni, kwenye chemchemi wala kando ya kisima.

Tano, vikundi vya wapulizaji na mashamba makubwa wafikirie kutengeneza kitanda cha udongo mahali pa kujazia na kuoshea pampu. Wazo hili lilianzia Sweden, ambako lilianza kutumika mwaka 1993. Ni shimo lenye kina cha sentimita 60 hivi, lenye udongo wa mfinyanzi chini ili maji yasipenye, likajazwa sehemu mbili za majani makavu, sehemu moja ya udongo na sehemu moja ya mboji, kisha juu pakapandwa nyasi. Matone yanayomwagika huangukia humo na kukuta bakteria wanawangoja. Liwe mbali na kisima, na mvua isilifurishe. Anayetaka kujaribu aje ofisini kwanza tuchague mahali pamoja.

Sita, dawa ikimwagika usiifukuze kwa maji. Vaa glavu na viatu vya mpira, ifunike kwa udongo mkavu au vumbi la mbao, izoe, kisha mwite afisa wa ugani akuelekeze pa kuipeleka.

Saba, walisheni bakteria. Samadi, mboji, na majani ya miwa yaliyoachwa shambani ndiyo chakula chao na nyumba yao. Kila tunapochoma majani hayo, tunachoma malipo ya wafanyakazi wetu.

Kwa wanakamati wa maji nina ombi moja. Tembeeni kuzunguka kila kisima na kila chemchemi mliyo nayo, mtazame ni wapi watu wanachanganyia na kuoshea pampu. Mkikuta ni karibu, sogezeni mahali hapo kabla ya msimu wa kupulizia kuanza. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji mazungumzo na majirani.

Bakteria wa udongo wamejifunza ndani ya maisha ya mtu mmoja kuvunja dawa ambayo haikuwahi kuwapo duniani. Wanaifanya kazi hiyo bure, usiku na mchana. Wanachotuomba ni kwamba dawa ibaki pale walipo wao.